Risala ya Umoja wa Vijana kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Arkidikoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Arkidikoni wetu. Kasisi wetu na wazee wa kanisa. Wazazi wetu, mabibi na mabwana: Bwana Yesu asifiwe!

Kwa niaba ya Umoja wa Vijana tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Wengi wetu tulizoea kukuona ukiwa kando ya askofu siku ya kipaimara, tukaishia hapo. Tulipopata habari za ujio wako tuliamua kujifunza juu ya ofisi unayoishika, ya msaidizi wa askofu anayekagua parishi, na tunaomba kukueleza yaliyotugusa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ofisi yako ilizaliwa katika utumishi wa mashemasi, waliokabidhiwa sadaka, wajane na maskini wa Kanisa la mwanzo. Askofu alimteua mmoja wao awaongoze wenzake. Caecilian alikuwa na cheo hicho Carthage, Afrika ya Kaskazini, kabla ya kuwa askofu wa mji huo karibu mwaka 311. Uingereza, baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066, kila arkidikoni alipewa eneo lake la kusimamia, akaitwa jicho la askofu. Thomas Becket alikuwa Arkidikoni wa Canterbury tangu 1154, akawa Askofu Mkuu mwaka 1162, na mwaka 1170 akauawa ndani ya kanisa lake.

Zama hizo maarkidikoni walikuwa na mahakama zao, na baadhi yao walichukiwa kwa faini walizowatoza watu. Tunalitaja hili kwa heshima, maana linaonyesha uzito wa kazi hii: anayekagua ana nguvu juu ya anayekaguliwa.

Aliyetugusa kuliko wote ni William Percival Johnson, mmisionari Mwingereza wa UMCA (misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu kwa Afrika ya Kati), aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1876 na baadaye akawa Arkidikoni wa Nyasa. Jicho lake moja lilipofuka, na la pili likabaki dhaifu. Pamoja na hayo aliendelea kuzunguka vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, kwa miguu na kwa meli, akifundisha na kutafsiri Maandiko kwa Kinyanja. Alifariki mwaka 1928 akazikwa Liuli, kando ya ziwa hilo upande wa Tanzania. Jicho la askofu lilikuwa la mtu asiyeona vizuri, lakini aliwafikia watu walipo, na kwetu hilo ndilo kiini cha uarkidikoni.

Naye Walter Owen, Arkidikoni wa Kavirondo, magharibi mwa Kenya, alipinga hadharani kazi za kulazimishwa, na mwaka 1923 akaanzisha chama cha kutetea walipa kodi Waafrika. Walowezi wengi hawakumpenda. Tunaamini alikuwa sahihi.

Tumejifunza pia kwamba, kwa Kitabu cha Sala cha Kianglikana cha 1662, Arkidikoni ndiye anayewaleta mbele ya askofu wanaotaka daraja takatifu, yaani kuwa mashemasi au makasisi. Askofu humtahadharisha awe na hakika kwamba wanafaa kwa elimu na mwenendo, naye hujibu kwamba amewauliza na kuwapima. Na katika Kanisa la Uingereza, kasisi mpya anapoingizwa parishini, Arkidikoni humshika mkono na kuuweka juu ya ufunguo au kitasa cha mlango wa kanisa, kisha kasisi hupiga kengele ili watu wajue amefika. Tendo dogo, lakini parishi nzima hukabidhiwa kwa mkono ule. Tangu mwaka 1996 kanisa hilo lina wanawake pia katika ofisi hii, jambo lililowatia moyo mabinti wa umoja wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, unapokuja kukagua, pamoja na hesabu, paa na vyombo vya Meza ya Bwana, utenge muda wa kuketi na vijana bila viongozi wetu kuwepo, ili askofu apate habari zetu kutoka vinywani mwetu. La pili, daftari la zamani la ubatizo la parishi yetu limeachia jalada, na kurasa za mwanzo zinachanika kila linapofunguliwa. Ndimo yalimo majina ya babu na bibi zetu. Tuko tayari kuyanakili kwa mkono, chini ya usimamizi wa Kasisi wetu, endapo utatupa kibali.

Mungu akutie nguvu katika safari zako zote.

Tunaomba kuwasilisha.