Mnyauko wa nyanya shuleni hautibiwi kwa dawa ya ukungu

Mhariri,

Naandika kuhusu habari yenu juu ya nyanya zinazonyauka katika bustani za shule. Shuleni kwa mwanangu ilikuwa vivyo hivyo: miche ilinyauka majani yakiwa bado mabichi, wazazi tukachangishwa fedha za dawa ya ukungu, ikapulizwa mara tatu, na nyanya zikafa zote.

Mnyauko wa namna hiyo mara nyingi huletwa na bakteria wanaoishi udongoni, na dawa ya ukungu haiwagusi. Kuutambua hakuhitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, na baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka. Ni somo zuri la sayansi, tena la bure.

Naomba maofisa ugani wa kata wapite shuleni kabla ya kupanda, si baada ya hasara. Miche iliyougua ing'olewe na kuchomwa, majembe yasafishwe, na tuta hilo lipandwe mahindi kwa misimu kadhaa. Bilinganya, pilipili na viazi mviringo visifuate hapo, maana ni ndugu wa nyanya. Na watoto wa zamu wamalizie kumwagilia kwenye tuta lenye ugonjwa, wasianzie hapo. Udongo husafiri kwa miguu.

Mzazi,
Lushoto