Daftari la kikundi likae kwetu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia wiki jana ulitaja programu saba za kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kupanga kazi na fedha. Nilizisoma zote kwa makini. Kila moja inataka bando, na makala haikusema daftari la mtu linakaa wapi akishaliandika. Kwangu mimi hilo ndilo la kuuliza kwanza.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akiba cha akina mama wanaouza sokoni hapa Arua, Uganda. Tuko 32 na tunakutana kila Jumamosi. Mwanzoni mwa 2021 daftari letu la mikopo lilikuwa kwenye programu ya bure ya kampuni ya nje, tunaifungua kwa simu. Uchaguzi mkuu wa Uganda ulikuwa Alhamisi tarehe 14 Januari. Intaneti ilizimwa nchi nzima jioni ya tarehe 13, ikaanza kurudi tarehe 18. Jumamosi ya tarehe 16 tulikaa chini ya mwembe na sanduku letu la fedha, na hatukuwa na namna ya kujua nani anadaiwa kiasi gani. Mwenzetu anayeuza samaki wakavu alitaka mkopo, mtoto wake amelazwa. Alisema deni lake la zamani, shilingi 40,000, ameshalimaliza. Nami nilikumbuka hivyo hivyo. Lakini kanuni yetu inadai maandishi, na wawili wakakataa. Aliondoka mikono mitupu. Mtandao uliporudi tukaona kweli alikuwa amelipa, tarehe 9. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, ila macho ya yule mama siku ile sijayasahau.

Tangu hapo daftari letu liko mikononi mwetu. Mtoto wa dada yangu, fundi wa simu, alinifundisha kidogo kidogo, na sasa naendesha mwenyewe.

Daftari lenyewe ni jedwali la LibreOffice, programu huria iliyoanza 2010, haina malipo na inafungua hata mafaili ya Excel. Kila mwanachama ana mstari wake. Marejesho yakipita siku 30, kisanduku kinageuka chekundu chenyewe, na hakuna wa kusema katibu anamwonea. Laptopu yangu ni ya mtumba, ya mwaka 2013, na inatumia Linux Mint, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows. Nawasihi wenye laptopu nzee wasizitupe kwa sababu tu Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 2025.

Kinachofanya daftari liwe mahali patatu kwa wakati mmoja ni Syncthing, programu huria inayonakili mafaili moja kwa moja kati ya vifaa vyako. Hapa naomba nafasi kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani Wi-Fi na intaneti ni kitu kimoja. Sivyo. Ruta isiyo na bando hata la shilingi moja bado inaziunganisha simu na kompyuta zilizo karibu nayo. Kwenye mkutano nawasha hotspot ya simu yangu, data nimeizima. Laptopu yangu na ya mweka hazina zinaonana, zinalinganisha mafaili, na sehemu iliyobadilika tu ndiyo inavuka kutoka moja kwenda nyingine. Nikirudi nyumbani, laptopu inaikuta Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayotosha kiganjani, nayo inapokea nakala ya tatu. Hiyo nimeiunganisha na betri ya sola, maana umeme wa huku ulikuwa wa kubahatisha kwa miaka mingi. Hakuna kampuni katikati. Tangu Julai 2021 kila bando lina ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo mafaili yasiyopita kwenye intaneti ni pesa inayobaki sandukuni mwetu.

Yapo ya kuangalia. Mwaka jana mimi na mweka hazina tulibadilisha jedwali siku moja, kila mtu kwake. Syncthing haikufuta kazi ya mtu yeyote, iliacha mafaili mawili, moja likiwa na maneno "sync-conflict" kwenye jina lake, na tulikaa saa nzima tukiyalinganisha mstari kwa mstari. Sasa anayeandika ni mmoja. Jambo kubwa zaidi: ukifuta faili kwenye kifaa kimoja, linafutika na kwingine. Lazima uwashe sehemu ya kuhifadhi matoleo ya zamani, na bado uweke nakala kwenye flashi. Yangu inakaa kwa mwenyekiti. Na kwa simu za Android, app rasmi iliachwa mwishoni mwa 2024. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, wengine waliuchukua wakaendelea, nasi tunatumia Syncthing-Fork. Programu ya kampuni ikifungwa, nani angeruhusiwa kuichukua?

Maneno ya siri nayaweka kwenye KeePassXC, programu inayoyatunza ndani ya faili moja lililofungwa. Neno la kulifungulia liko kwenye bahasha iliyogundishwa, anayo mwenyekiti, endapo nitaugua. Ile Raspberry Pi inabeba pia Kiwix, programu ya kusomea tovuti bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili, na watoto wa jirani huja jioni kusoma bila bando.

Sisemi kila mtu aweke seva nyumbani. Ombi langu kwenu ni hili: mnapopendekeza programu yoyote, waandikieni wasomaji vitu vyao vitakaa kwenye kompyuta ya nani, na siku wakitaka kuondoka watatoka navyo vipi, kwa faili la aina gani. Msomaji wenu anayeuza nyanya ana haki ya kulijua hilo kabla hajaandika jina la mteja wake wa kwanza. Na mkiweza, chapisheni maelekezo ya Syncthing hatua kwa hatua kwa Kiswahili. Niliyo nayo mimi nimeyaandika kwa mkono, kurasa nne, na nitawatumia mkiyataka.

Kikundi chochote cha hapa Arua au cha Nebbi kinachotaka kuona tunavyofanya kije Jumamosi saa nane mchana. Kije na laptopu yake, hata kama ni nzee.

Katibu wa kikundi cha akiba,
Arua