Cha halali twakikimbia, cha wizi twakilipia

Mhariri, assalam aleikum na pole na kazi.

Naomba nafasi kidogo niseme na vijana wenzangu wa hapa Mombasa, wale wanaoshinda kwenye kompyuta, wawe wa Kisauni, Majengo, Likoni au Changamwe. Kuna makundi ya mtandaoni ya watu wa programu huria (zile ambazo kila mtu aruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa), watu wa Linux (mfumo wa kuendeshea kompyuta kama vile Windows) na mambo kama hayo, na sisi hatumo. Ukimtajia mtu yuwakwambia ah hayo ni ya maprograma, mimi kodi (yale maandishi ya kutengenezea programu) sijui. Kwani nani kakwambia lazima ujue kodi?

Tuseme kweli. Laptopu nyingi tunazotumia hapa ni za mtumba, zimekuja na kontena, ramu GB 4 na zimeshapita mikono ya watu huko zilikotoka. Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 mashine kama hizo haizitaki, yataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za juzi juzi. Sasa mtu afanyaje, anaenda kwa fundi (simtaji, wajijua) anawekewa Windows ya wizi kwa mia kadhaa, leseni imevunjwa na kiprogramu kilichotoka kusikojulikana, antivirusi imezimwa ili hicho kiprogramu kipite, halafu kwenye mashine hiyo hiyo ndo anafungua benki na kujaza fomu zenye namba ya kitambulisho. Wallahi mimi huwa sielewi. Cha halali kipo bure twakikimbia, cha wizi twakilipia.

Linux Mint kwa mfano, ambayo ni aina moja ya Linux, unaitia kwenye flashi, unawasha kompyuta kutoka kwa hiyo flashi, unajaribu waifai, sauti na printa bila kugusa chochote kilichoko ndani, ukiridhika ndo unaiweka. Faili lake ni kama GB 3 na najua bando linauma, lakini hiyo ndo faida ya kuwa na wenzio, mmoja akishapakua wote wanakopi, manake leseni yenyewe yaruhusu kugawa. Zamani Ubuntu, aina nyingine ya Linux, walikuwa wakituma hadi sidii kwa posta bila malipo, wakaja wakaacha 2011.

Ukiingia kwenye kundi usianze na "jamani saidieni kompyuta imekataa". Imekataa nini? Humo hamna waganga. Sema ni Mint ngapi au Ubuntu ngapi, kompyuta ya aina gani, ulikuwa wafanya nini, na ile mesiji ya kosa uikopi kama ilivyo kwa maandishi, sio picha ya skrini imepigwa na simu, imelala upande na mwanga wa dirisha umefunika nusu. Kama ni waifai, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) uandike lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani, ile laini yenye jina la kadi ya waifai ibandike hapo, kwa sababu kadi za Broadcom zina visa vyao na za Realtek zina vyao, na mtu aliyeko Brazil aliyeteseka na kadi kama yako akiona jina tu ashajua tatizo. Na ikikubali rudi useme ulifanya nini mpaka ikakubali! Wengi tukishapata tunapotea, na atakayekwama mwakani atalikuta swali lako limekaa bila jibu.

Hapo ndo penye neno langu hasa. Sisi twachukua tu. Linux ilianzishwa 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, na saa hii iko ndani ya kila simu ya Android inayovuka feri ya Likoni asubuhi, VLC ya kutazamia filamu nayo ilianza na wanafunzi huko Ufaransa, na vyote hivi vyashikiliwa na watu, tena wakati mwengine watu wachache sana. Kuna kitu chaitwa xz, kiprogramu cha kubana mafaili, kimejaa kwenye Linux kila mahali, na kilikuwa mabegani mwa mtu mmoja ambaye ashachoka. Akatokea mwengine akajifanya msaidizi, miaka miwili na zaidi yuafanya kazi safi mpaka akaaminiwa, kumbe apenyeza mlango wa siri. Ilifichuka Machi 2024 na aliyefichua, mtaalamu wa programu Andres Freund, hata hakuwa akitafuta mwizi, aliona tu kuingia kwenye seva kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta ya mbali) kwachelewa kama nusu sekunde akaanza kuchimba. Nusu sekunde! Sisi twangoja ukurasa ufunguke dakika nzima na hatuulizi kitu.

Yule mwenye xz aliyechoka alikosa watu wa kweli wa kumpokea mzigo, na kazi zisizotaka kodi ziko tele. Kuripoti hitilafu vizuri ni kazi, kuandika maelekezo ni kazi. Halafu kuna Kiswahili, na hapa watu wa Mvita tuone haya kidogo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa OpenOffice (programu huria za kazi za ofisi) ya Kiswahili tangu 2004, sisi tunaojisifu lugha ni yetu tumetafsiri nini? Kazi yenyewe mara nyingi yafanyika kwenye brauza, sentensi moja moja. Ukikuta alama kama %s iache hapo hapo, ndipo programu itapotia jina la faili, ukiifuta umeharibu. Na tafsiri yako haiingii mpaka mwengine aikague, atakukatalia nyingine, usinune. Kama kuandika ni shida kuna Common Voice ya Mozilla, mradi wa kukusanya sauti za watu ili mashine zijifunze lugha, unasoma sentensi kwa sauti yako tu, angalau mashine zisikie na mtu wa pwani.

Na msiniambie haya ni ya Wazungu. Ushahidi, programu ya kukusanya ripoti za watu na kuziweka kwenye ramani, ilizaliwa Kenya 2008 wakati wa zile fujo za uchaguzi, kodi yake ikaachwa wazi, na 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa hapa Mombasa 2009, kisingizio cha intaneti kuwa mbali hatuna.

Wale wenzetu mlioko ndani tayari, mtu akiuliza swali la mwanzo msimwambie "soma maelekezo" mkanyamaza, mpeni ukurasa wenyewe, hasa mabinti, manake nimeona wakijibiwa kwa dharau wakatoka na hawakurudi tena.

Na wewe Mhariri, kama hapo ofisini kuna kompyuta za zamani mwataka kuzitupa, kabla hamjaziuza kwa kilo tupigieni kelele, kuna vijana Kisauni watakuja kuzichukua na flashi zao mfukoni.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa