Moto tunapiga 114, mbwa mwenye kichaa tupige namba gani?

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi na poleni na majukumu. Mimi ni mama wa genge, nauza nyanya, vitunguu na mchicha hapa mkoani Morogoro. Mji wenyewe naomba nisiutaje maana sitaki mtu afukuzwe kazi kwa ajili yangu, nataka tu jambo lirekebishwe, limenikaa rohoni tangu mwezi wa nne.

Ilikuwa asubuhi watoto wanaenda shule, akatokea mbwa upande wa korongoni, wa kahawia, sio wa mtaa wetu maana wa mtaa wetu nawajua wote, jua likiwa kali wanakuja kulala chini ya meza yangu. Huyu anatembea anapepesuka, taya limelegea, mate yananing'inia kama uzi mpaka kwenye vumbi, na habweki, anatoa sauti ya kukwaruza kama mtu aliyekabwa koo. Kulikuwa na bodaboda imeegeshwa pale, akaling'ata tairi, akaling'ang'ania kama mfupa, halafu akaachia akaendelea na safari yake. Nikajua huyu sio mbwa mkali, huyu anaumwa.

Nikashika simu, sasa nimpigie nani? Mjumbe kaniambia mpigie mwenyekiti, mwenyekiti yuko msibani akasema mjaribu mtendaji, simu ya mtendaji ikaita weee haikupokelewa, nikaomba namba ya bwana mifugo kwa muuza maziwa akanipa, kumbe ni ya yule wa zamani, baba wa watu akapokea vizuri kabisa akasema mama mimi nilihamishwa tangu mwaka juzi niko Singida. Nikamtuma kijana kituo cha polisi akarudi na jibu kwamba mambo ya mbwa ni ya mifugo. Dakika arobaini zimepita, salio limeisha, na mbwa ameshamuuma mtoto wa jirani yangu wa darasa la pili kwenye shavu la mguu.

Watu wakajaa. Mmoja kaja na kibuyu cha mafuta ya taa, bibi mmoja anasema tuchome manyoya ya huyo mbwa tumpake majivu mtoto. Nikakataa katakata, maana niliwahi kusikia redioni kwamba kidonda cha mbwa unakiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima. Nikamweka chini ya bomba na kipande cha sabuni ya kufulia, analia "mama mkubwa basi imetosha", na mimi naangalia saa ya simu namwambia bado baba, bado kidogo. Sitasahau zile dakika.

Zahanati hawakuwa na chanjo, tukaenda hospitali ya wilaya. Daktari aliyetupokea alikuwa mtu mwema, akauliza swali moja tu, huyo mbwa yuko wapi na kuna mtaalamu amemuona? Sisi tulikuwa hatuna jibu, vijana walikuwa wameshamuua kwa mawe, wamemtupa dampo na dampo limechomwa moto. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kuthibitisha kichaa wanapima ubongo wa mnyama, kichwa kinapelekwa maabara, na nchi hii tuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, na hapa hapa Morogoro tuna chuo cha Sokoine kinachofundisha madaktari wa mifugo. Kwa hiyo wataalamu hatujakosa. Tulichokosa ni mtu wa kupokea simu saa moja na nusu asubuhi.

Chanjo sisi tulilipia elfu thelathini kwa sindano, na sio moja, unachoma siku hiyo hiyo, unarudi siku ya 3, ya 7, ya 14. Mama wa mtoto anafua nguo za watu. Tukachangishana pale gengeni, kuna aliyetoa elfu moja na kuna aliyetoa mia tano, mtoto akamaliza dozi yake.

Sasa sikilizeni hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Bwana mifugo tuliye naye sasa alifika siku ya tatu, akaandika kwenye daftari akaondoka, simlaumu ana kata mbili na pikipiki yake haina mafuta. Lakini siku ya nane ndio tukasikia kwamba mbwa yule yule, kabla ya kufika kwetu, alimuuma mzee mmoja mtaa wa pili kwenye kiganja, na yule mzee alifunga kitambaa akaendelea na shamba lake. Hakuna aliyemwambia. Zahanati ilikuwa inajua kuna mtoto ameumwa, bwana mifugo anajua kulikuwa na mbwa, mtaa wa pili wanajua mzee ana kidonda, na hao wote hawaongei! Tulimfuata mguu kwa mguu tukampeleka sindano, na namshukuru Mungu mpaka leo yuko mzima. Kama tusingesikia ile stori kwenye foleni ya maji je?

Maana huu ugonjwa ukishaanza kuonyesha dalili, mtu ameanza kuogopa maji, hakuna tena daktari wa kumtibu, ni kumsubiri tu afe. Na unaweza kukaa mwilini wiki, miezi miwili mitatu, hata zaidi, mtu ameshasahau kama aliumwa. Shirika la Afya Duniani wanakadiria watu kama 59,000 wanakufa kila mwaka duniani, wengi ni huku Afrika na Asia, na katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wa kushukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto anauchokoza mkia, mbwa anamuuma, anaficha nyumbani asichapwe. Wazazi wenzangu tusiwachape kwa hili, wakiogopa fimbo hawasemi.

Kuna kitu kingine kinafanya watu wasiripoti. Wanaogopa ukitoa taarifa watakuja kupiga risasi mbwa wote wa mtaa au kutega nyama ya sumu, na hofu hiyo ina sababu, matangazo ya namna hiyo tumeshayasikia kwenye spika za gari mara nyingi. Ukiua mbwa wa mtaa waliochanjwa, wanakuja wengine wasiochanjwa kuchukua nafasi na jalala lile lile, ugonjwa unabaki pale pale. Kinachofanya kazi ni chanjo kwa mbwa wenyewe, ukichanja saba katika kila kumi ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walifika huko, walishaumaliza, mwaka 2016 ukarudi, wakachanja tena na kufuatilia kila aliyeumwa, na kufikia 2018 ukaisha tena. Ni Tanzania hii hii.

Kwetu chanjo inakuja karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mwaka jana gari la matangazo lilipita jioni, chanjo kesho yake asubuhi. Hata hivyo watoto walikuja kwa wingi, wamefunga mbwa kwa kamba za katani na mipira ya baiskeli, mmoja kambeba mtoto wa mbwa kwenye mfuko wa shule kichwa kinachungulia, nilifurahi sana. Ila watu wengi walikuwa mashambani. Tupeni taarifa wiki mbili kabla, na sisi akina mama wa magenge tutawatangazia bure.

Punda wa kubeba matofali nao nikiwaona na vidonda mgongoni huwa najiuliza hivyo hivyo nimwambie nani, wakati Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008. Hilo nitaandika siku nyingine.

Ninachoomba ni kidogo. Moto tunajua ni 114, polisi 112, watoto wanaimba hizo namba shuleni. Basi namba ya bwana mifugo wa kata, na ya mtu wa pili akiwa hayupo, ziandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa, zahanati na shule, na akihamishwa zifutwe ziandikwe mpya siku hiyo hiyo. Na zahanati ikipokea mtu ameumwa na mbwa, nesi ampigie bwana mifugo kabla mgonjwa hajatoka mlangoni, ili atafutwe mbwa na watafutwe wengine walioumwa.

Ofisi yetu ya mtaa imepakwa rangi nyeupe mwezi uliopita, upande wa kushoto wa mlango kuna nafasi kubwa tu. Kopo la rangi nyeusi nitanunua mimi.

Mama wa genge,
Morogoro