Risala ya Akina Mama Wachakataji Dagaa kwa Mgeni Rasmi, Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia, Ilemela, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni,
Viongozi wetu wa dini,
Walimu, wanafunzi na wananchi wenzetu,

Mwangaluka!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu mwaloni, hapa zinaposhushwa dagaa. Tunakushukuru kwa kukubali kuja huku kwenye vichanja vya kuanikia badala ya kutuita ukumbini mjini. Harufu utaizoea.

Sisi ni wanawake tunaonunua, kuanika na kuuza dagaa. Kikundi kilianza kwa kuweka akiba na kukopeshana, na suala la ukatili wa kingono halikuwa kwenye katiba yetu. Lilijileta lenyewe. Mwanachama anaomba mkopo wa dharura, ukimuuliza ni wa nini anasema nauli ya kumpeleka mtoto hospitali, ukimuuliza mtoto anaumwa nini anainamisha kichwa. Ilipotokea mara ya pili na ya tatu, tukaona hatuwezi kuendelea kuandika "matibabu" kwenye daftari na kunyamaza.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mitumbwi inaingia kabla hakujapambazuka, na anayetaka mzigo mzuri lazima awahi. Mama akitoka usiku wa manane, watoto wanabaki peke yao, au na mpangaji wa chumba cha pili. Binti akimsindikiza mama, njia haina taa. Mbalamwezi ikiingia uvuvi unapungua, fedha zipo mfukoni na vilabu vinajaa. Halafu kuna lile la mwenye mzigo kukataa fedha ya mama na kudai mwili ndipo ampimie ndoo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamkataza mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe haki au upendeleo. Tungependa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, waje watueleze kama mwenye mtumbwi naye anaingia humo.

Hata hivyo, Mheshimiwa, tusimtwishe kila kitu mvuvi mgeni wa kambini. Mara nyingi mtenda ukatili ni mjomba, jirani, mwalimu wa masomo ya ziada, mtu anayekaribishwa chai. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hao wavulana huku kwetu hatuwasikii kabisa. Nani amewahi kuwauliza?

Neno linaloumiza kuliko yote tumelisikia vinywani mwa watu wema: "Mbona hukupiga kelele?" Tumejifunza kwa wauguzi na maofisa ustawi wa jamii kwamba mwili ukizidiwa na hofu unaweza kuganda. Sauti haitoki, mguu haunyanyuki. Baadaye kumbukumbu zinakuja vipande vipande, leo anakumbuka rangi ya shati, kesho ndipo anakumbuka mlango. Mwingine kesho yake anaanika dagaa na kucheka kama kawaida, na watu wanasema angekuwa amebakwa asingecheka. Sheria inaelewa kuliko sisi majirani: kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema majeraha ya kujitetea si lazima ili kuthibitisha kwamba mtu hakuridhia. Na aliye chini ya miaka 18 hata haulizwi kama alikubali.

Saa zinazofuata ndizo tunazozipoteza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kumezwa kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba inasaidia ndani ya siku 5. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Kama ameshaoga, aende hivyo hivyo. Polisi watatoa PF3, fomu ya kwenda nayo hospitali. Lakini kwetu hizo saa 72 zinaishia kwenye kikao cha ukoo.

Kikao hicho tunakijua, Mheshimiwa, na baadhi yetu tumekipikia chakula. Wazee wanataja ng'ombe au fedha, mtoto anahamishiwa kwa bibi yake Ukerewe au Sengerema, shahidi haonekani mahakamani, kesi inakufa. Kosa ambalo adhabu yake kwa mtu mzima huanzia kifungo cha miaka 30 linageuzwa deni la kulipana. Binti akirudi, anamkuta yule yule dukani akinunua sigara. Apone vipi?

Tunayoyafanya ni madogo. Mwanachama mmoja anamsindikiza manusura hospitali na polisi, anakaa naye, hamchimbi maswali. Tunamwambia pole, tunakuamini, kosa si lako. Yeye ndiye anayeamua nani mwingine aambiwe, na hatumsimamishi popote atoe ushuhuda wa kutuliza watu. Waliopata mimba tunawarudisha shuleni, kwa kuwa tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu. Usiku wanaposhtuka usingizini, au wanapokataa kula miezi mingi baadaye, hapo uwezo wetu unaishia. Anahitajika mshauri mwenye taaluma.

Ndiyo maana ombi letu la kwanza ni mshauri huyo afike mwaloni kwa ratiba inayojulikana, na ombi la pili ni ofisa wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi awe anakuja naye, kwani nauli ya kwenda na kurudi mjini inawakatisha wengi tamaa. Tunaomba pia taa kwenye njia ya ziwani. Na tunaomba, mbele ya wazee waliopo hapa, utamke wewe mwenyewe kwamba kikao cha kumaliza kesi ya ubakaji nyumbani hakina baraka ya serikali. Tukisema sisi wanaona tunawavunjia heshima.

Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo ni bure, tumeibandika kwenye mzani wa dagaa. Kila mtu hapa lazima apite kwenye mzani.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi