Kwenu walimu vijana wa Mwanza: mwenye dubwi anamjua Skinner kuliko ninyi

Wanangu walimu,

Mwangaluka. Najua wengi mtaisoma hii kwenye simu, saa ya chai, na wengine mtasema mama mkufunzi kazeeka, ameanza tena. Sawa, nimeanza tena.

Jumatatu iliyopita niliitwa shuleni kwa ajili ya mjukuu wangu wa darasa la tano. Kosa lake ni kwamba Jumamosi alionekana akicheza dubwi, ile mashine ya kamari ya kumeza sarafu, kwenye duka linalopakana na uwanja wa shule. Nilipofika alikuwa ameshachapwa sita mstarini, mbele ya wenzake. (Kanuni ya 2002 inasema visizidi 4, tena kwa idhini ya mkuu wa shule, ila hilo nitalisema siku nyingine.) Mwalimu wa zamu akaniamkia kwa heshima zote, maana nilimfundisha chuoni. Saikolojia ya elimu alipata A. Akaniambia, "Mkufunzi, huyu mtoto ni sugu. Ni kama panya, bila fimbo haelewi."

Jioni ileile mtoto alikuwa kwenye dubwi. Duka jingine, mtaa wa pili, na safari hii alikuwa amevua shati la shule akalikunja ndani ya begi. Hicho ndicho viboko sita vilimfundisha: vua shati kwanza.

Sikumwita. Nilikaa kwenye benchi la fundi cherehani ng'ambo ya njia, nikahesabu. Sarafu nne za 200 zikamezwa moja baada ya nyingine. Ya tano ikarudisha mbili, taa zikawaka, kamuziki kakapiga. Hizo mbili zikaliwa. Akachomoa nyingine kwenye soksi. Kwenye ya tisa zikamwagika sita kwenye kile kisahani cha bati, na watoto waliomzunguka wakapiga kelele kama timu imefunga bao. Akazirudisha zote sita. Aliondoka hana hata nauli ya kesho, na alikuwa anacheka.

Hapo ndipo Skinner aliponijia, na nikaona aibu, kwa sababu miaka yote nilimwandika ubaoni kama jina la kujibia mtihani. B. F. Skinner alikuwa mwanasaikolojia Mmarekani. Alimweka panya kwenye kisanduku chenye kichuma cha kubonyeza. Panya akibonyeza, kinadondoka kidonge cha chakula. Vidonge hivyo alivitengeneza mwenyewe, na Jumamosi moja akaona kwamba asiposhinda kwenye mashine yake ya kuvitengenezea, akiba itakwisha Jumatatu asubuhi. Akaamua kubana matumizi, si kila kubonyeza kulipwe. Panya hawakugoma. Tena ilikuja kuonekana kwamba chakula kikikatwa kabisa, mnyama aliyezoea kulipwa mara mojamoja huendelea kubonyeza muda mrefu kuliko aliyezoea kulipwa kila mara. Baadaye akawa na njiwa, akawalipa kwa hesabu isiyotabirika, mara baada ya kudonoa kidogo, mara baada ya kudonoa sana. Njiwa wakadonoa karibu bila kupumzika. Mwaka 1953 aliandika wazi kwamba mashine za kamari zinamshika mtu kwa njia hiyohiyo.

Sasa tufanye hesabu, mwalimu. Dubwi linalipa papo hapo, kwa sauti na taa, na mtoto hajui zamu yake itafika lini. Fimbo yako ilikuja siku mbili baadaye, akiwa ameshasahau hata alishika sarafu kwa mkono gani. Na darasani kwako? Mtoto akijibu sawasawa unamwambia "haya, kaa." Daftari lake linarudi baada ya wiki tatu na alama ya vema, bila neno. Halafu unashangaa anapokwenda kufundishwa na bati!

Huyo Edward Thorndike mliyemkariri, aliyefungia paka kwenye makasha mwaka 1898 aone wanavyojifunza kutoka, alianza kwa kuamini kwamba raha huimarisha tendo na adha hulidhoofisha kwa kiasi kilekile. Kufikia miaka ya 1930 alikuwa ameibadili kauli yake: adhabu haifuti kama tuzo inavyojenga. Mzee wa watu alijenga jina juu ya kanuni, kisha akabomoa nusu yake kwa mkono wake. Ninyi kuiweka fimbo moja kabatini kunawashinda.

Na hilo neno la panya limeniuma. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wanaanza na mlio mdogo, klik, kisha chakula; klik, chakula; mpaka panya akisikia mlio anajua amepatia. Ndipo wanaleta harufu, hatua kwa hatua. Panya mmoja, Magawa, alitoka huko akapelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama. Hakuchapwa hata mara moja. Kwa hiyo mwanangu, ukisema mtoto ni kama panya, basi mfundishe kama anavyofundishwa panya.

Mengine nayapitia haraka, mnayo kwenye madesa yenu. Pavlov, yule Mrusi aliyezoesha mbwa wadondoshe mate wakisikia mlio wa chakula kinachokuja, si mbwa na kengele tu. Nenda mwaloni Kirumba uwaangalie korongo. Feri ikipiga honi hawageuzi hata shingo. Mama akianza kupara sato, ile kwaru-kwaru ya kisu, wanashuka kwenye mabati kabla utumbo haujagusa chini. Hakuna aliyewafundisha. Sasa jiulize mtoto wako wa darasa la tatu anasikia nini tumboni unapotamka neno "hesabu." Tolman, 1930: panya waliozurura kwenye njia za kupotea bila kupewa chochote, chakula kilipowekwa waliwafikia upesi wale waliolipwa tangu mwanzo, kwa hiyo anayenyamaza nyuma ya darasa usimwite mjinga. Vygotsky: msaidie pale anapokaribia kuweza, kama baba anavyoshika kasia juu ya mkono wa mwanawe. Bandura, 1961: watoto walimwona mtu mzima akipiga mdoli, nao wakaupiga vilevile. Mkitaka ushahidi wa karibu, waangalieni watoto wa chekechea wakicheza shule. Anayekuwa mwalimu haokoti chaki, anaokota fimbo.

Siwalaumu peke yenu. Najua mna watoto zaidi ya 100 kwenye chumba kimoja, na nyumba mnazopanga nazijua. Sheria inakataza kamari chini ya miaka 18, lakini lile dubwi liko hatua thelathini kutoka ofisi ya mtaa, na waheshimiwa wanapita kila siku wakijibu salamu za mwenye duka. Baba ndiye anayemtuma mtoto vocha ili abeti, jioni anamsimulia jinsi mkeka ulivyochanika kwa mechi moja. Mtoto anakula kwa macho.

Na mimi je? Ile A niliitoa mimi. Swali langu la kila mwaka lilikuwa "Taja nadharia tano za kujifunza na waasisi wake." Mlitaja. Hakuna mwaka hata mmoja niliowatoa nje ya lango mkaangalie kiumbe chochote kikijifunza, na ziwa lilikuwa linaonekana dirishani.

Jumamosi kuanzia saa moja asubuhi nitakuwa mwaloni Kirumba, upande wa kina mama wanaopara samaki. Njooni bila madaftari. Mwalimu wa zamu, na wewe uje; mjukuu nitakuwa naye, na chai ni juu yangu.

Mkufunzi wenu mstaafu,
Nyakato