Barua ya wazi kwa wanangu mnaooa mke wa pili kwa siri

Wanangu,

Nimekaa miaka mingi kuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo mkoani Tanga, nikisikiliza mashauri ya mirathi hadi nikadhani kwamba hakuna jipya litakalonikasirisha. Mwezi uliopita nimejua kuwa nilijidanganya.

Tulimzika jamaa mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa machungwa. Siku ya tatu, hitima imekwisha na masufuria ya pilau yanasuguliwa uani, ukoo ulikaa kumteua msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao ulikuwa umekwisha kuandikwa hadi kwenye jina la mjane, mjane mmoja, pale kijana mmoja alipobisha hodi akiwa na bahasha ya kaki. Alisema ametumwa na dada yake, ambaye alikuwa amekaa eda katika chumba cha kupanga mjini, na kwamba marehemu alimwoa miaka sita iliyopita. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi mbili za kliniki zenye jina la marehemu mahali pa baba, na ukurasa wa daftari ambao juu yake marehemu aliandika kwa mkono wake mwenyewe mahari aliyotoa. Sheikh aliyefungisha ndoa ile amekwisha kutangulia mbele ya haki. Shahidi mmoja amehama na hajulikani alipo. Wa pili alikuwa ameketi pale pale mkekani. Tulipomgeukia alitazama vidole vya miguu yake, akasema kwamba hakumbuki vizuri.

Sikumlaumu bi mkubwa kwa kukana, kwa maana hakuwa akijua, na hata angejua, hesabu ilikuwa inamvuta: katika mirathi ya Kiislamu, marehemu akiacha watoto, wake huachiwa thumuni, yaani sehemu moja ya nane ya mali, na thumuni hiyo ni moja tu, wawe mmoja au wanne. Kumtambua mwenzake kungemaanisha kugawana naye. Niliyemlaumu alikuwa kaburini.

Msinijibu kwamba dini imeruhusu, kwa kuwa hakuna aliyewakataza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ndiyo tunayoifuata huku Bara, inaitambua ndoa ya wake wengi waziwazi. Ndoa ya Kiislamu na ile ya kimila huchukuliwa kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na kifungu cha 57 kinasema kwamba wake wa mume mmoja wana haki sawa na hadhi sawa. Wala ndoa haiwi batili kwa sababu tu haikusajiliwa. Shida ni kuithibitisha siku ambayo wewe mwenyewe huwezi tena kusema.

Najua mnachokikimbia. Mnakimbia taarifa ya kusudio la kuoa, inayopelekwa kwa msajili siku 21 kabla ya ndoa, ambamo mwanamume mwenye mke hutakiwa kuwataja wake alio nao, kwa kuwa mke aliyepo ana haki ya kuweka pingamizi, akaeleza kwamba kwa kipato cha mume huyu, mke mwingine atamletea dhiki yeye na watoto. Haya, na aeleze! Kama una uwezo, utauonyesha pingamizi likisikilizwa. Kama huna, basi mkeo amekuokoa na aibu ya kuhudumia nyumba mbili kwa mfuko wa nyumba moja. Mwanamume anayethubutu kulala kwa mke wa pili lakini hathubutu kumtaja kwa wa kwanza hajaoa mke wa pili, ameficha mtu.

Nanyi mliofunga ndoa kanisani, msidanganye mabinti za watu. Aliye katika ndoa ya mke mmoja haruhusiwi kufunga nyingine, na ndoa ya Wakristo iliyofungwa kanisani haigeuzwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wangali Wakristo. Ile dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka miwili wakajulikana kuwa mume na mke haitamsaidia huyo uliyempangia nyumba ilhali wewe una pingu nyingine.

Yapo na mengine: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mke anayekaa ndani yake, majina ya baba yaandikwe kwenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, mashahidi wawe watu watakaothubutu kusema.

Lakini hamko peke yenu katika kosa hili. Wapo wafungishaji ndoa wanaopokea bahasha baada ya alasiri, wakasoma hutuba bila kufungua kitabu cha kusajili ndoa, na wapo wazazi wanaohesabu mahari mara tatu lakini hawaulizi cheti hata mara moja. Na wewe binti yangu, unayeambiwa "tutasajili baadaye", uliza baadaye hiyo ni tarehe gani.

Yule mama bado yuko edani. Mwanawe mdogo hajaanza shule. Shahidi wetu nimemfuata nyumbani mara mbili, na mara ya pili alianza kukumbuka rangi ya kanzu aliyovaa sheikh, kwa hiyo nitarudi Ijumaa. Aliye na ndoa ambayo haijaandikwa, aje barazani kwangu baada ya alasiri pamoja na wakeze na mashahidi wangali hai, tupange siku ya kwenda kwa msajili wa wilaya.

Ni mimi mzee wenu.